Munkoyo wa Sikukuu ya Mizimu

Ukifika Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, upande ule ambako nyumba za matofali mabichi zimechanganyika na mashamba ya mahindi, uliza nyumba ya Mama Josée wa munkoyo. Hata mtoto wa juzi atakuonyesha. Utamkuta kwenye kiti chake kifupi, ndoo tatu mbele yake zimefunikwa vitambaa vyeupe, na kabla hujatulia vizuri atakupa masharti. Munkoyo wake hunywewa siku hiyohiyo. Hapokei oda ya keshokutwa, hata kama ni harusi ya mtoto wa gavana. Na kabla hajakupa kikombe chako atajimiminia chake, atakinywa mbele ya macho yako mpaka chini, kisha atapangusa mdomo kwa kanga na kukukaribisha.

Sharti hilo la mwisho si la kwake peke yake. Ni desturi ya watu wa huku: mwenye chungu hutangulia kunywa, mgeni ajue kwamba ndani hamna ila kinywaji. Na mgeni akikataa kikombe baada ya mwenyeji kunywa, basi amesema neno zito kuliko tusi. Hayo kila mtu anayajua. Masharti yale mawili mengine ndiyo ya Mama Josée mwenyewe, na yana historia yake.

Kwanza niseme, maana wapo wanaokosea: munkoyo si pombe. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe hadi uwe vuguvugu, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwapondwa, unakoroga, unafunika. Kesho yake uji umelegea wenyewe, umekuwa mwepesi na mtamu bila punje ya sukari. Unachuja, unampa hata mtoto anayenyonya. Lakini huo utamu una siku moja tu. Ukiuacha mpaka siku ya tatu unaanza kuuma ulimi, na ya nne unampandia mtu kichwani. Ndiyo maana bibi yake Josée, kule Kambove, alikuwa akisema munkoyo haujui kudanganya: ukiuonja tu, utajua ulipikwa lini.

Josée alizaliwa Kambove, kambini mwa wachimbaji. Baba yake alikuwa ameshuka kutoka Kongolo na rozari moja na shati moja, akachimba shaba mpaka mapafu yakakataa. Mama alikuwa mtu wa kanisa, wa Misa ya kwanza kila Jumapili. Wasichana wa kambi walipelekwa kwenye foyer, wakafundishwa na masista kupika, kuosha watoto na kushona. Huko ndiko Josée alikokutana na Virginie, aliyemzidi miaka miwili, na aliyekuwa na mkono wa cherehani ambao masista wenyewe walikuwa wakikaa kuutazama. Josée alimwita yaya, dada mkubwa, ingawa hawakutoka tumbo moja. Walivunja ungo mwaka mmoja, walifunga ndoa mwaka mmoja, na wote wawili waume zao waliwaleta Lubumbashi, wa Virginie kwenye kambi ya kampuni ya shaba, wa Josée akiwa mtu wa reli. Stanislas, jina lake. Alipougua kifua, Josée aliuza cherehani yake ili amtibu. Hakupona. Mwanamke akabaki bila mume na bila cherehani.

Virginie ndiye aliyemtafutia kazi. Alikuwa amemshonea mapazia mama mmoja wa Kizungu, mtu wa Kanada, mke wa enjinia Mbelgiji, mtaa wa Golf, na yule mama akamwuliza kama anamfahamu mpishi mwaminifu. Virginie akasema namfahamu, nikimpa roho yangu anishikie ataishika. Shika hilo neno, maana baadaye litarudi.

Josée alifanya kazi kwa Madame miaka tisa. Alipewa chumba cha nyuma, bustanini. Aliwapokea watoto wawili wakiwa na nepi, akawafundisha Kiswahili mpaka wakawa wanamtukana mbwa Filou kwa Kiswahili. Naye Madame, tuseme ukweli wa Mungu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akikaa jikoni kwenye ndoo iliyogeuzwa, anamenya vitunguu na kulia, anauliza hiki kinapikwaje, kile kinakaa siku ngapi. Munkoyo aliupenda kuliko soda. Aliusomea kabisa. Alijua uji upoe kiasi gani, alijua mizizi ya kichaka ina nguvu kuliko ya soko, alijua siku ya tatu kinywaji kinageuka. Mwaka mmoja aliusahau kwenye friji, akaunywa siku ya nne, akacheka peke yake mchana kutwa.

Sasa, Wakanada wana sikukuu yao mwishoni mwa Oktoba, ya mizimu. Watoto wanavaa kama maiti, wanatundika mifupa ya karatasi, wanachonga maboga yawe na meno. Mwaka wa kwanza Josée alisali rozari nzima nyuma ya mlango wa jiko. Kwake, wafu walikuwa na siku yao, mwanzoni mwa Novemba, unakwenda na jembe kuwafyekea majani, unawasha mshumaa, unarudi nyumbani na adabu zako. Wafu hawachezewi. Mwaka wa pili alikaa mlangoni akitazama. Wa tatu, yeye ndiye aliyekuwa akichonga maboga, na meno yake yalitisha kuliko ya Madame.

Na sikukuu ilikuwa na kinywaji chake. Kilitungwa na wanawake hao wawili jikoni, na hata sasa Mama Josée akikielezea mikono yake huanza kutembea. Msingi ni munkoyo mtamu wa siku hiyo. Unachemsha maua mekundu ya lumanda, yaani rosela, pamoja na tangawizi, unachuja, ukichanganya unapata rangi ya damu. Unatia maji ya nanasi. Unamenya masuku yaliyoiva, yale matunda ya porini yanayouzwa njia ya Kinsevere, unatoboa kidogo kwa ncha ya kisu na kupachika mbegu nyeusi ya maracuja, tunda la pasheni: hilo ni jicho. Macho thelathini yanaelea. Mwisho, unachukua glovu za mpira za kuoshea vyombo, unazisugua, unazijaza maji ya lumanda, unazifunga kwa uzi na kuzilaza kwenye friza. Siku ya pili unachana mpira, unabaki na mkono mwekundu wa barafu, vidole vitano, unautumbukiza katikati ya beseni. Watoto wa Golf walikuwa wakipiga kelele mpaka sentineli anakimbia kutoka getini. Kisha wanakunywa vikombe vitatu vitatu.

Basi ikaingia mwaka wa tisini na moja.

Mishahara ya kambini ilikuwa hadithi tayari. Mwanaume anakwenda kazini, anarudi mikono mitupu, anakaa anautazama ukuta. Kilicholisha nyumba nyingi ni cherehani za wake zao, zile walizozipata enzi za foyer. Virginie alikuwa amewakusanya wanawake sita wa parokia, yeye wa saba, wanashona sare za shule na nguo za komunyo. Cherehani yake ilikuwa nyeusi yenye maua ya dhahabu, ya mkono, zawadi ya ndoa; alikuwa akiipaka mafuta kila Jumamosi kabla hajajipaka mwenyewe. Watoto wa wale wanawake saba walikula kutoka kwenye sindano saba.

Septemba, redio ikasema wanajeshi wamepora Kinshasa. Maduka, viwanda, nyumba, hata vigae vya paa. Lubumbashi ikashika pumzi. Kila mtu alijua zamu yetu inakuja, ila siku ndiyo haikujulikana, na watu wakawa wanaisoma siku hiyo kwenye nyuso za Wazungu. Wazungu wakiondoka, basi kesho ni moto. Kila mpishi, kila dereva, kila sentineli akageuka kuwa redio. "Wenu bado wapo?" "Wapo." "Wamenunua nyama?" "Wamenunua." Watu wakalala.

Hapo ndipo Virginie alipomfuata Josée na wazo. Nyumba za kambi zilikuwa na milango ya mbao za masanduku. Teke moja tu, kwisha. Lakini garaji la Madame lilikuwa la saruji, na mlango wa chuma uliochomelewa baada ya wizi fulani.

Josée akamwomba Madame cherehani zihifadhiwe humo, naye hakusita hata kidogo. "Alete zote saba," alisema. Wakazipanga ukutani, kando ya gari lake dogo, wakazifunika kwa mashuka ya nyumba. Kisha Josée, kwa kuwa si mjinga, akauliza lile swali lililokuwa likimuuma.

"Madame, na kama munaenda?"

Madame alimshika mikono yote miwili. Akamjibu kwa Kiswahili, maana Kiswahili alikuwa nacho. "Siku tutaenda, weye njo wa kwanza kuyua. Mbele ya bote. Naapa."

Josée akawapelekea wale wanawake neno hilo kama Ekaristi. Ukimwuliza leo kwa nini aliamini, hukasirika. Angeacha kuamini vipi? Miaka tisa!

Kila mwaka mambo yalikwenda hivi: sherehe Jumamosi, munkoyo unapikwa Ijumaa asubuhi, unachujwa Jumamosi asubuhi, unanyweka ukiwa mtamu. Mwaka huo sherehe ilitangulizwa wiki nzima, Madame akisema wiki yake ya kawaida watoto wa shule watakuwa likizoni. Sawa. Lakini Jumatano jioni aliingia jikoni akasema, "Josée, munkoyo uanze kesho."

Josée alicheka, akadhani ni mzaha. "Kesho ni Alhamisi, Madame. Jumamosi itakuwa inauma. Batoto batalewa, ba Mama yabo batatufunga."

"Anza tu kesho," Madame alisema. "Na mifupa, tuitundike mbele, kwenye baraza, barabarani waione." Akafungua friji, akasimama akitazama ndani muda mrefu, akaifunga bila kutoa kitu.

Josée alijisemea: mama wa watu amechoka, amesahau. Nyakati zenyewe hizi nani asiyesahau? Akaamua kimoyomoyo kwamba atapika wa Alhamisi kumridhisha, na Ijumaa ataanza mwingine kwa siri, wa kunyweka. Alijiona mwerevu. Alitaka kumfichia Madame aibu.

Alhamisi akapika. Akachemsha lumanda, akajaza glovu mbili, akachonga maboga matano. Watoto walitundika mifupa barazani na mzimu wa shuka kwenye mti wa getini, na kila aliyepita barabarani alisimama akashangaa. Wengine walifanya ishara ya msalaba. Wote, nadhani, walirudi makwao na habari ileile: wale wa nyumba ile hawaendi popote, wanafanya sikukuu.

Ijumaa asubuhi, saa mbili hivi, Virginie alikuja kwa miguu, jasho linamtoka, hakungoja hata salamu.

"Josée, bazungu beko banaenda. Ku marché banasema convoi ya motokari iko inapangwa ya kwenda ku mupaka, Kasumbalesa. Tufungulie garage, tubebe bintu byetu sasa hivi. Nimeita pousse-pousse mbili, ziko ku kona."

Madame alikuwa ametoka kwa miguu kwenda shuleni. Monsieur alikuwa kazini. Jikoni walikuwa wao wawili tu, na nyuma ya mlango, kwenye msumari wake wa kila siku, lilining'inia shada la funguo, na ule mrefu wa garaji ukiwamo. Virginie aliutazama.

Josée akamshika mkono, akampeleka barazani. "Yaya, angalia. Mutu ya kukimbia anatundika mifupa ya karatasi? Kesho batoto makumi mbili beko banakuya hapa. Munkoyo njo ile, nimechuja sasa hivi. Ukibeba machine mu barabara leo, mbele ya basoda na bunduki yabo, njo utaonyesha bezi kwenye biko."

"Weye unabaamini?"

"Myaka kenda, Madame hayanidanganya hata siku moja. Aliapa."

"Mi minakuomba, Josée."

"Na mi minakuambia. Kama kuko kitu, minayua mi wa kwanza. Rudia ku nyumba, pumuzika."

Virginie aliitazama mifupa, akamtazama Josée. Halafu akaenda kwenye kona, akawarudisha wenye mikokoteni.

Saa tano na nusu Madame alirudi na watoto, na Monsieur akafika nyuma yake, jambo ambalo halikuwa kawaida Ijumaa. Josée alikuwa ameshachanganya beseni la kumridhisha Madame, macho thelathini yanaelea, na amechana glovu moja kutazama kama mkono umetoka vizuri. Ulikuwa umetoka vizuri mno, hata kucha ungesema zipo. Akauinua amwonyeshe Madame. Madame aliutazama, uso ukambadilika.

"Tunaenda kutafuta barafu ya kutosha," alisema. "Huko mjini. Hatukawii."

"Batoto nabo?"

"Nao. Wanataka kuzunguka."

Akalitungua shada la funguo msumarini, akaenda garaji mwenyewe, akafungua, akatoa gari dogo kwa kurudi nyuma polepole, akikwepa cherehani zilizofunikwa kwa mashuka yake. Akashuka, akafunga ule mlango wa chuma, akazungusha ufunguo mara mbili kama alivyozoea, akalitia shada la funguo mkobani. Watoto walipanda kwa Monsieur. Filou naye akarushwa kiti cha nyuma. Kisha Madame akarudi mbio hadi mlango wa jiko, akamkumbatia Josée kwa nguvu, mkono wa barafu ukiwa bado kwenye sinia kati yao, na maji mekundu yakamdondokea kwenye blauzi. "Merci, Josée. Kwa yote," alisema. Josée akamcheka, akamwambia akabadilishe blauzi. Hakubadilisha.

Ikawa saa sita. Saa saba. Anaclet, mzee wa getini, alikuja kuomba maji akauliza, hiyo barafu wanaitoa Zambia? Alisema kwa utani tu, maskini.

Saa nane Josée aliingia vyumbani awatandikie watoto nguo zao za maiti, wakija wavae. Nguo za maiti zilikuwapo. Alipofungua kabati kutafuta soksi, kabati lilikuwa tupu. Akafungua la pili. Akaenda chumba cha Madame. Ukutani, palipokuwa na picha za harusi na za ubatizo, pamebaki miraba myeupe. Kila kitu kilichokuwa na thamani ya moyo kilikuwa kimeondoka, kidogokidogo pengine tangu Jumanne, na yeye yuko jikoni anachonga meno ya maboga.

Akarudi jikoni. Akachota kijiko cha munkoyo uliobaki chunguni, akaonja. Ulikuwa mtamu, mtamu wa siku yake hasa. Na hapo ndipo alipoelewa, kijiko kikiwa bado mdomoni. Madame hakusahau. Madame alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba munkoyo wa Alhamisi haunyweki Jumamosi. Alitaka uanze Alhamisi kwa sababu hakukuwa na Jumamosi. Alitaka mpishi wake awe na chungu motoni, mikono imejaa, mdomo umejaa habari za sikukuu, siku zile mbili za kufunga mizigo. Mbwa alikuwa na nafasi yake garini tangu mwanzo. Yeye alipewa maboga.

Josée hakulia. Alikimbia garaji akauvuta ule mlango wa chuma kwa mikono mitupu mpaka kucha zikavunjika. Akamwita Anaclet. Walileta jembe, walileta nondo ya bustani. Mzee wa watu alipiga mpaka akakaa chini anahema. Mlango ulikuwa umetengenezwa na Wazungu kuwazuia watu weusi wasio na ufunguo, na kazi yake uliifanya.

"Anaclet, kimbia ku Mama Virginie. Umwambie akuye na bantu."

Lakini milio ya risasi ilikuwa imeanza upande wa mjini, na Anaclet alipotoka getini ndipo nao walipokuwa wanaingia. Wanajeshi sita, nyuma yao watu, wengi. Ule mlango uliowashinda wao wawili saa nzima, askari aliufungua kwa risasi mbili. Mashuka yakavutwa. Josée alisimama mbele ya cherehani ya maua ya dhahabu akaikumbatia. Akasukumwa. Aliziona zote saba zikitoka getini vichwani mwa watu, kwa mwendo ule wa watu wanaorudi sokoni, na ya Virginie ikiwa ya mwisho, mpini wake ukizunguka wenyewe hewani.

Nyumba walimaliza kwa nusu saa. Viti, magodoro, masinki, waya za ukutani. Jikoni peke yake hawakufika mwisho. Kijana mmoja mwenye bunduki alifungua friza kutafuta nyama akakutana na mkono mwekundu umelala juu ya nyanya. Alirudi nyuma, akageuka, akaona beseni la damu na macho thelathini yanamtazama. "Mulozi!" alipiga kelele. "Hii nyumba iko ya bachawi! Banakulaka bantu!" Wakatoka wakikanyagana. Kwa hiyo katika nyumba nzima ya vyumba tisa, vitu viwili tu havikuporwa: friza na kinywaji cha sikukuu.

Hivyo ndivyo Virginie alivyomkuta, jua likiwa bado halijazama. Josée amekaa sakafuni jikoni, mikono inatoka damu, na mbele yake beseni limejaa. Virginie alipita kwanza garaji. Alikaa huko kitambo. Alipokuja mlangoni pa jiko alisema tu, "Weye ulikuwa unayua."

"Yaya, sikuyua. Naapa mbele ya Mungu."

"Machine yako haikukuwa mule ndani."

Na kweli haikuwamo. Ilikuwa imeuzwa zamani kwa dawa za Stanislas. Josée alifanya lile tu alilolijua tangu Kambove: alichota kikombe akanywa hadi mwisho, akachota kingine akakinyoosha kwa mikono miwili. Virginie alikitazama kikombe, akageuka, akaondoka. Wanawake wengine sita nao hawakumsemesha tena. Parokiani walihama benchi. Mwanamke aliyeaminiwa roho akaitwa mwenye kula na wezi, na wapo waliosema Wazungu walimwachia zawadi ya kazi yake.

Ndipo akahamia Annexe, akalima, akaanza kuuza munkoyo. Miaka miwili ilipita. Watu wengine waliporwa, wengine wakafukuzwa, nchi ikaendelea kuanguka bila kufika chini. Ikawa Oktoba tena padri akamletea bahasha nzito kutoka Kanada, imepitia mikono ya masista watatu.

Ilikuwa barua ya Madame, imeandikwa kwa Kifaransa. Josée aliisoma mara nne. Msafara ulipangwa tangu Jumanne, alisema. Waliamriwa nyumba ionekane ya kawaida na wasimwambie mfanyakazi yeyote, Monsieur alimwapisha. Watoto bado wanauliza habari za kile kinywaji ambacho hawakukinywa. Yeye hulala vibaya. Anaomba msamaha. Na chini kabisa aliandika kwamba alipokuwa akitupa mkoba wa zamani alikuta kitu hiki, akaona si chake. Ndani ya bahasha, umefungwa kwenye kipande cha kitambaa, ulikuwamo ufunguo mrefu wa garaji.

Watu wengine wangeutupa chooni. Josée aliubusu. Hakuujali msamaha wa Madame hata kidogo. Alichokiona mkononi ni shahidi. Huu hapa ufunguo, umekuja kutoka ng'ambo, na muhuri wa posta wao. Sasa Virginie ataona kwamba haukuwa kwangu, kwamba mimi pia nilifungiwa nje. Usiku huo aliponda mizizi. Kesho yake alipika uji akangoja ulegee, na keshokutwa alfajiri akachuja munkoyo mzuri kuliko wowote aliowahi kuupika, akautia ndooni, akavaa kanga yake ya kanisa na kutembea hadi kambini.

Virginie alikuwa amekaa nje ya mlango wake, miwani puani, anashona sare ya shule kwa sindano ya mkono. Hakumfukuza. Josée akapiga magoti, akaweka barua, akaweka ufunguo juu yake, akaeleza yote mpaka mwisho. Kisha akajimiminia, akanywa. Akamimina kikombe cha pili, akakiweka karibu na goti la Virginie.

Virginie aliuchukua ufunguo, akaugeuzageuza. Alipousema moyo wake hakupaza sauti.

"Ile asubui ya Ijumaa, hii ufunguo ilikuwa ku musumari, nyuma ya mulango ya jiko. Mi niliiona. Weye uliiona. Nilikuomba. Ukanipeleka kuona mifupa ya karatasi." Akaurudisha juu ya barua, taratibu, kama kitu cha mtu. "Madame alikuuzisha weye, Josée. Sie, njo weye ulituuzisha."

Akainua tena ile sare, akatafuta mahali sindano ilipokuwa imeishia, akaendelea kushona. Josée alikaa pale magotini mpaka jua likapanda. Alipoinuka kuondoka, kikombe kilikuwa bado kimejaa.